Kuvu Kwenye Vazi la Chifu

Mliponiacha, kidole changu kilikuwa kimezama ukutani.

Sikukisukuma kwa nguvu. Niliugusa tu ukuta chini ya kiyoyozi cha chumba cha baba, pale penye doa, nao ukakipokea kidole kama mkate uliolowa chai. Kilipotoka kilikuwa cheusi. Harufu iliyotoka nacho naijua. Mtu yeyote wa New Orleans aliyerudi nyumbani baada ya ile gharika ya kimbunga anaijua.

Kwa anayeingia leo: mimi ni Leontine Doucette, mpishi wa shule, umri wangu unakaribia hamsini, sina mume wala haja naye. Baba yangu ni Alcide Doucette, Chifu Mkuu wa kabila la Kongoti Weusi. Sisi ni watu weusi ambao kila asubuhi ya Mardi Gras, kilele cha kanivali kabla ya Kwaresima, hutoka barabarani tumevaa manyoya na shanga za Wahindi Wekundu, kuwakumbuka wale waliowaficha babu zetu waliotoroka utumwani. Vazi hushonwa kwa mkono mwaka mzima. Na mpaka asubuhi hiyo ifike, asiye wa nyumbani haruhusiwi kujua rangi yake. Rangi ikijulikana mapema, chifu amevuliwa nguo kabla hajazivaa.

Mwaka huu baba alisema hili ndilo vazi lake la mwisho. Alilishona huku anakohoa. Alilala nalo chumba kimoja ili alilinde, na kiyoyozi kikanguruma mchana kutwa na usiku kucha ili manyoya yasipate unyevu.

Kiyoyozi hicho hicho ndicho kilichokuwa kinavuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuwekea beseni.

"Baba," nikasema, kidole nimekificha mgongoni, "namwita Elray."

"Elray yupi?"

"Elray wa viyoyozi. Kuna mwingine?"

Baba akaweka sindano chini. Akakohoa kwanza. Siku hizi kila jibu lake lilikuwa linasubiri kikohozi kipite.

"Dada yake Elray kaolewa na nani?"

"Na Hollis."

"Hollis ni nani?"

"Baba, tafadhali."

"Nimekuuliza, ni nani?"

"Chifu wa ng'ambo ya barabara ya Claiborne."

"Basi umejijibu mwenyewe. Huyo akitia mguu humu asubuhi, mchana Hollis anakula maharage yake huku anaijua rangi yangu."

"Afadhali yeye ajue rangi ya vazi lako kuliko mimi nikachague rangi ya jeneza lako!"

Ilinitoka tu. Nilidhani angenirushia kiatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Jeneza si siri," akasema. "Vazi ni siri."

"Ukuta umeoza, baba."

"Ukuta huu niliujenga mimi. Baada ya gharika niliingia humu na nyundo na ndoo ya klorini, nikaiua kuvu peke yangu, nyumba nzima. Kuvu inanijua."

"Labda ndiyo maana imerudi kukusalimia."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. Nikamshika mabega. Yalikuwa mifupa mitupu.

Hapo ndipo Bi Earlene alipoingia bila kubisha, kama kawaida yake. Nyumba yetu ni ya pande mbili, ukuta mmoja katikati: huku sisi, kule yeye. Amekuwa akimletea baba supu tangu mama afariki, na baba amekuwa akijifanya haoni sababu.

"Alcide, vaa viatu. Leo ni siku ya picha ya kifua."

"Wiki ijayo."

"Daktari hasubiri machifu. Vaa."

"Nimesema wiki ijayo, mwanamke."

"Sikio la kufa halisikii dawa," Bi Earlene akaniambia mimi, kana kwamba baba hayupo. Kisha akapiga magoti akamvika viatu mwenyewe.

Mlangoni baba akageuka. "Leontine, niapie. Nisipokuwepo hakuna mtu atakayeingia chumbani."

"Naapa."

"Kwa mama yako."

"Kwa mama."

Gari la Bi Earlene halijakata kona, nilikuwa nimeshampigia Elray.

Alikuja na ngazi begani na tumbo mbele, anapiga mluzi. Vazi nilikuwa nimelifunika kwa shuka mbili. Chini ya shuka kulikuwa na nailoni, na nailoni hiyo ilikuwa akili yangu mimi: nilipoona matone yanaruka, nililifunga vazi zima nikalikaza kwa utepe wa gundi, nikajisifu. Lilisimama pembeni kwenye fremu yake, kubwa kama watu wawili.

"Na huyu nani?" Elray akauliza.

"Nguo za baba."

"Zimesimama zenyewe?"

"Elray, tazama kiyoyozi."

Akakitazama. Akaweka pimamaji juu yake, akaguna. Akatoka nje, nikamsikia anagonga mbao, akarudi amekunja uso.

"Nani kapiga plaiwudi dirishani?"

"Baba."

"Na ule ubao uliokiinua mkia kwa nje?"

"Ni yeye huyo huyo. Alitaka ikae vizuri, pasibaki mwanya."

"Leontine, chombo hiki hukaa mkia chini ili kikojoe nje. Ninyi mmekiinua mkia, kikawa kinakojoa chumbani. Kinakojoa ndani ya ukuta wenu tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Mungu wangu. Plaiwudi ya nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Elray si mjinga, akanitazama mimi, akalitazama dirisha, akazitazama shuka, kisha akaanza kucheka polepole.

"Ni kwa ajili yetu! Ili Hollis asichungulie!"

"Usicheke."

"Sicheki kwa ubaya." Akafuta macho. "Leontine, Hollis hashoni mwaka huu. Sukari imemla macho. Hata tundu la sindano halioni. Mwaka huu Hollis hatoki."

Nikakaa kitandani.

"Mbona hatukusikia?"

"Kwani ninyi peke yenu ndio wenye siri? Dada kasema atakayeitoa habari hiyo nje atamkata ulimi."

Fikirini jambo hili pamoja nami, maana mimi mpaka leo linanikaba. Kiangazi chote baba alijifungia asionwe na mtu ambaye haoni. Aliziba dirisha, akainua chombo, akajinyeshea maji ndani ya chumba chake, kwa kumwogopa kipofu.

"Sasa nionyeshe hizo nguo," Elray akasema, na safari hii hakuwa akicheka. "Ukuta uko hivi, lazima nijue kuvu imefika wapi."

Nilikuwa nimeapa kwa mama. Nikazivuta shuka. Nikaikata nailoni.

Harufu ikatupiga usoni, sote wawili tukarudi nyuma.

Vazi lilikuwa jeupe. Manyoya meupe, shanga nyeupe, nyeupe tupu, rangi ambayo baba hakuwahi kuivaa maisha yake yote. Nasema lilikuwa. Kuanzia chini mpaka kiunoni lilikuwa la kijivu, na madoa meusi yalipanda mpaka kwenye taji. Kifuani, kwenye aproni, baba alikuwa amemshona mama kwa shanga, amesimama juu ya paa siku ya gharika, mkono umeinuliwa. Uso wa mama ulikuwa umeota kuvu, mashavu yote mawili.

Elray akavua kofia.

"Nyeupe," akasema.

"Elray."

"Sijaona kitu."

"Umeona."

"Nimeona. Lakini sijaona."

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema ukuta ubomolewe, godoro litupwe, mapazia yatupwe, kila kitu cha nguo kitupwe. Nikamuuliza na hili je. Akasema yeye ni fundi wa viyoyozi, asiulizwe mambo ya machifu. Nikamwambia namuuliza hivyo hivyo.

"Manyoya hayafuliki, Leontine," akasema. "Unajua."

Najua. Hospitali, walikomlaza baba siku hiyo hiyo, niliambiwa lile lile kwa maneno marefu zaidi.

Daktari wa kifua alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, na sauti za upole hospitalini mimi siziamini. Alinipeleka kwenye korido.

"Nyumbani kuna kuvu?"

"Ipo."

"Amekuwa akiivuta kwa miezi. Mapafu yake yameanza kukakamaa. Yaliyokwisha kukakamaa hayalainiki tena. Tunachoweza ni kuyatunza yaliyobaki, nayo si mengi."

"Niambie la kufanya."

"Asirudi chumbani mwake. Na chochote kilichokuwa chumbani humo kisimkaribie. Nguo, blanketi, chochote. Hata kwa saa moja."

Ndani, baba alikuwa kitandani na mpira wa oksijeni puani, Bi Earlene kamshika mkono. Baba aliponiona aliuondoa mkono haraka kama kijana aliyefumaniwa.

"Umemwingiza mtu?"

"Hapana."

"Vazi?"

"Salama, baba. Jeupe kama ulivyoliacha."

Akafumba macho, akatabasamu. Ningeweza kusema kweli wakati ule. Alikuwa mahali penye madaktari, penye mashine, penye watu wa kumshika. Nikachagua kumwona akitabasamu.

Jumatatu wakamruhusu. Tukamlaza upande wa Bi Earlene, kwenye chumba cha mbele, na mtungi wake wa oksijeni kando. Mimi nikavaa barakoa na glavu nikaingia kwetu.

Sitawachosha. Nilitoa godoro. Nilitoa mapazia ya mama. Kisha nikachukua mkasi nikalikabili vazi, na mkono ukanikatalia. Sikulikata. Nililikunja kipande kipande, aproni, mabega, taji, nikalitia kwenye mifuko myeusi ya taka, nikaiburuta mpaka ukingo wa barabara. Nililia mpaka barakoa ikalowa nikashindwa kupumua, nikaona haya, maana kuna mtu nyuma ya ukuta aliyeshindwa kupumua kweli.

Bi Earlene alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Utamwambia lini?"

"Gari la taka likishapita."

"Mwoga wewe."

"Ndiyo, Bi Earlene."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia baba yako wakati wa kiangazi, sasa nakwambia wewe. Damu moja, vichwa viwili vya jiwe."

Nilihesabu kwamba gari litapita kesho yake asubuhi. Lakini huu ni msimu wa kanivali, na msimu wa kanivali gari la taka hupita linapojisikia. Saa sita ikafika, mifuko iko pale pale. Mmoja ulikuwa umechanika ubavuni.

Nikaingia kwa Bi Earlene na kikombe cha kahawa. Baba alikuwa ameketi dirishani. Dirisha la mbele. Linatazama barabara.

Nikampa kikombe chake.

Nikafuata macho yake. Ubavuni mwa mfuko uliochanika palikuwa pametokeza unyoya mmoja mrefu, mweupe juu, wa kijivu chini, unapepea.

"Baba..."

"Leo kuna maharage?"

"Yapo. Bi Earlene ameyabandika tangu asubuhi."

"Vizuri." Akanywa kahawa kidogo. "Leontine, mwanangu, nina hamu ya keki ya wafalme, ya kanivali. Ile ya duka la kona. Siyo ile ya supamaketi, ile ni sifongo."

"Sasa hivi?"

"Kama hutajali."

Nilifurahi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi mpaka nikatoka bila koti. Wiki nzima mtu huyu hakuwa na hamu ya hata maji. Nikajiambia hakuuona unyoya. Nikajiambia macho yake nayo yamezeeka. Mtu akitaka kudanganywa, hahitaji mwongo.

Dukani kulikuwa na foleni, na mbele yangu mama mmoja alikuwa akiuliza kila keki ina nini ndani. Nilimvumilia. Nilikuwa hata na tabasamu.

Narudi, sijafika kona ya kwetu, nikasikia sauti.

Sauti ile siwezi kuikosea. Nimeisikia kila Mardi Gras tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Ilikuwa nyembamba sasa, inakatika, lakini ilikuwa yenyewe.

Nikakimbia.

Mifuko ilikuwa imepasuliwa. Majirani walikuwa barazani kwao, wengine viganja mdomoni. Na katikati ya barabara, mchana kweupe, alikuwa amesimama baba. Amevaa aproni yake na taji lake. Mabega hakuyavaa, asingeyaweza. Mama alikuwa kifuani mwake, na mashavu yake ya kuvu. Puani hapakuwa na mpira. Kila alipopiga hatua, vumbi la kijivu lilidondoka kutoka kwenye manyoya likamzunguka uso.

Nyuma yake, mikono yote miwili juu, amelibeba taji lisimwangushe, alikuwa Elray. Alikuwa amekuja kuchukua kile kiyoyozi kibovu.

"Elray! Unafanya nini, mwendawazimu wewe?"

"Kaniamuru, Leontine."

"Wewe si wa kabila letu!"

"Chifu ni chifu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Ningefanyaje?"

"Baba!" Keki ilikuwa bado mkononi mwangu, sijui kwa nini sikuitupa. "Baba, Mardi Gras ni wiki ijayo! Hakuna chifu anayetoka kabla ya siku! Umeionyesha rangi yako!"

"Chifu anayesubiri siku," akasema, akasimama, akavuta pumzi, "ni yule anayejua itamkuta."

"Daktari kasema..."

"Najua alichosema. Ukuta wa hospitali ni mwembamba kuliko wetu."

Alijua. Muda wote ule nikimdanganya, alikuwa anajua, na akanipa tabasamu ili nisiumie. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nikamsogelea. Akainua mkono kunizuia, ule mkono wa chifu, na sikuweza kuuvuka. Kisha akainua uso, akaita mwito wetu.

"Nani anapita?"

Mwito ule chifu haujibu mwenyewe. Kabila ndilo hujibu: Kongoti anapita, pisheni! Likishajibu, yeye huimba. Lisipojibu, hukaa pale pale na kuita tena, maana chifu asiyejibiwa hana pa kwenda. Wanaume wetu wote walikuwa kazini saa hizo. Katika barabara nzima, Kongoti Mweusi wa kumjibu alikuwa mmoja tu, mimi, nimeshika boksi la keki.

"Usimjibu!" Bi Earlene alikuwa ametoka mbio, mpira wa oksijeni umeshikwa mkononi. "Leontine, usimjibu! Ukimjibu ataimba, na akiimba hamalizi!"

"Mjibu," Elray akasema kwa sauti ya chini, taji likimtetemeka mikononi. "Kwa jina la Mungu, usimwache amesimama hivyo mbele za watu."

Baba akaita tena. Mara hii neno la kwanza lilitoka na la pili halikutoka. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya samawati. Akapepesa macho, akatazama barazani, akatazama huku na huku barabarani kama mtu aliyefika kituoni akakuta hakuna aliyekuja kumpokea. Kisha akanitazama mimi.

"Leontine," akasema, na hii haikuwa sauti ya kuimba, "kabila langu liko wapi?"